Kula pamoja mara ya kwanza: utampeleka wapi ku Kolwezi?



Kuna ulizo moja ambalo vijana wanaliuliza kwa sauti ya chini, nyuma ya mazoezi ya korali ao njiani wakitoka masomo: "Nilimuomba tutoke pamoja siku ya posho, akaitika. Sasa nimpeleke wapi?" Wazazi wakisikia, wengine wanacheka, wengine wanakasirika. Lakini ulizo lenyewe si la kuchekwa. Ku miji mingine mtu anatafuta tu fasi yenye chakula kitamu. Hapa kwetu, ukichagua meza umechagua pia mfuko wako, barabara ya kurudi, na watu watakaowaona. Basi twende tutembee mji wetu pamoja, kama vile mtu anayetafuta viti viwili tu.

Angalia kwanza jina la siku yenyewe. Watu wa pwani wanasema Jumamosi. Sisi wa Katanga tunasema siku ya posho, na vijana wengi hawajui tena sababu. Posho ilikuwa chakula ambacho Union Minière ilikuwa ikiwagawia wafanyakazi wake kila juma: bunga ya mahindi, samaki ao nyama, mafuta, maharagi, chumvi. Mfanyakazi mwenye bibi alipewa na sehemu ya bibi, mwenye watoto akapewa na ya watoto. Tangu miaka ya 1920 kampuni ilitaka mfanyakazi aoe na akae, asirudi kijijini kila wakati mkataba ukiisha. Ndiyo maana ilifika hata kukopesha vijana mahari, kisha inakata deni kidogo kidogo ku mshahara. Wazia jambo hilo: kijana anaomba mke, na mfuko wa kwanza kufunguliwa ni wa kampuni.

Kolwezi ilizaliwa katika mpango huo, mwaka 1937. Ilipangwa kwa ajili ya karyeri, haikupangwa kwa ajili ya meza. Wazungu walikuwa na mji wao, na serkle yao ya kunywa na kula. Wafanyakazi wenye ngozi nyeusi walikuwa na kambi zao. Kwa miaka mingi ya ukoloni babu yako hakuweza kuingia ku restora ya mu ville na kuvuta kiti kama mteja. Kisha, mwaka 1967, mali ya Union Minière ikawa ya serikali, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Rangi ya watu wa serkle ikabadilika, lakini desturi ya kupanga watu kwa cheo ikabaki: huyu anakula hapa, yule anakula pale. Hata leo kijana wa Kapata ao wa Luilu akipita mbele ya nyumba fulani ya chakula mu ville, miguu yake inaharakisha yenyewe, kama vile kuna mtu atamuuliza anatafuta nini.

Ninakuambia habari hizi za zamani sababu zinasaidia kuchagua. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université de Lubumbashi aliandika kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga. Kilitoka mwaka 2001, na kichwa chake kinawaita Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Mnajua ilivyokuwa. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Katika miaka iliyofuata kazi ilianguka, mishahara ikakawia miezi na miezi, bunga ikapunguka, kisha ikaisha. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walitolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Neno hiari lenyewe liliwachekesha wengi, kicheko cha uchungu.

Na nani alishika nyumba? Ba mama. Walikwenda kulima kando ya mji, walikaanga mikate asubuhi, na wengine waliweka meza, benchi mbili na sufuria chini ya mti ao chini ya bati, wakaanza kupikia watu bukari. Leo tunaziita malewa, jina lililotoka Kinshasa. Malewa nyingi unazoziona sokoni na kando ya barabara zimetoka katika njaa ile. Kuna vijana ambao minerval yao yote ya shule ililipwa na sufuria ya sombe.

Sasa tuingie mjini.

Mu ville utakuta hoteli na restora zenye vioo na hewa baridi. Ziliongezeka kadiri makampuni ya nje yalivyoingia, hasa baada ya mapatano na Wachina ya mwaka 2008 yaliyozaa Sicomines, na zaidi tena tangu 2015, wakati Lualaba ilipofanywa jimbo na Kolwezi ikawa mji wake mkuu. Kuna chakula cha Kichina, cha Kihindi, cha Kilibani, na kuku wa kuchoma anayekuja ndani ya sahani kubwa na majani matatu ya saladi. Sisemi usiingie. Chakula ni cha watu wote. Lakini ujue kwanza mambo mawili matatu.

Karti ya chakula mara mingi imeandikwa kwa dola. Ukitaka kulipa kwa franka, nyumba inahesabu kwa bei yake yenyewe ya kubadilisha, nayo si ile ya kijana wa kubadilisha feza kando ya barabara. Na ukitaka kulipa kwa dola, noti yenye kupasuka hata kidogo wataikataa mbele ya mgeni wako. Nimeona kijana akisimama na noti mkononi, nzuri kabisa ila ncha moja tu, na dada amekaa akitazama kitambaa cha meza. Kitu kidogo cha namna hiyo kinaharibu saa mbili za maongezi mazuri.

Jambo lingine ni zito zaidi. Nyumba hizi zimepima bei yao kwa mfuko wa mtu anayelipiwa na kampuni: injinia wa nje, mgeni wa misheni ya kazi, mnunuzi wa madini. Wewe unayefundisha ku shule ya msingi, ao unayeuza megabaiti za simu, ao unayejifunza bado, ukikaa pale siku ya kwanza umeonyesha mfuko usio wako. Mara ya pili utafanya nini? Utatafuta deni ili ufanane na mtu uliyemwonyesha mara ya kwanza. Mimi ninaona hivi: fasi nzuri ya mara ya kwanza ni ile unayoweza kurudi tena mwezi ujao bila kukopa, na ambayo mwenzako anaweza kutoka akarudi kwao kwa miguu yake ao kwa nauli yake, hata kama maongezi hayakuenda vizuri. Mengine yote ni chumvi.

Hapa niseme wazi kwa ndugu zetu wachimbaji wa mkono, ba-creuseurs, kwa maana wengi wao wanasoma kurasa hizi ao wanasomewa. Mfuko wenu haufanane na wa mtu wa mshahara. Juma hili kundi limegusa jiwe zuri, depo imelipa, feza iko. Juma lijalo shimo lina maji, ao mnunuzi anasema jiwe halina uzito. Na bei yenyewe haiamuliwi Kolwezi. Kobalti ilipanda sana mpaka 2018, kisha mwaka 2019 ikaanguka, na wengi waliokula kuku kila jioni walirudia ndakala. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha kobalti isitoke kwenda nje, na pale kwenye depo watu walikaa wakitazamana. Kijana aliyelipa meza ya watu kumi usiku mmoja, na yule aliyekosa franka ya sabuni miezi miwili baadaye, mara mingi ni mtu mmoja. Dada anayekujua ku meza ile ya kwanza, anajua nani kati ya hao wawili? Afadhali akujue siku ya katikati.

Tutoke mu ville, tuelekee sokoni. Hapa ndipo mimi ningepeleka mtu. Si kila malewa, hapana. Kuna nyingine ambamo mtu anakula amesimama, anameza haraka kama vile kamioni inamngoja. Tafuta ile yenye benchi yenye mgongo, yenye kivuli, yenye maji ya kunawa yanayomiminwa kutoka jagi, si beseni moja ambamo watu ishirini wamekwisha kunawa. Pita siku moja mbele, peke yako. Ule. Uangalie kama mama anafunika vyakula vyake. Umuulize anapika nini siku ya posho na kinaisha saa ngapi, kwa maana malewa nzuri saa nane haina tena kitu, utakuta sufuria zimepinduliwa.

Saa ya malewa ni saa sita mchana. Kijana mmoja ataniambia, "Lakini yaya, mchana hakuna utamu, watu wote wanatuona." Ndiyo hiyo faida yake! Mchana jua liko juu, magari ya kurudi yako mengi, na hakuna mtu wa kumuuliza dada ku nyumba ulikuwa wapi mpaka saa hizi. Papa mmoja mkali akisikia binti yake alikula bukari sokoni saa sita mbele ya watu mia, atanung'unika kidogo, kisha atauliza kama samaki alikuwa mzuri.

Na chakula chenyewe kinafungua midomo. Mu Kolwezi bukari si moja. Wengine ku nyumba wanasonga ya mahindi matupu, nyeupe. Wengine, wa upande wa Walunda na Wacokwe, wanapenda ya muhogo, inayovutika. Wengine wanachanganya bunga mbili. Muulize mwenzako, "Kwenu munasonga ya namna gani?" Utashangaa. Kwa ulizo hilo moja utasikia habari ya nkambo wake, ya kijiji walikotoka, ya mama yake anayekataa bunga ya dukani. Mji wetu umekusanya watu wa pande zote, wenyeji Wasanga na Walunda na Wandembo, Waluba wa Katanga na wa Kasai, na kati ya 1992 na 1993 siasa iliwatenga watu wa meza moja, familia nyingi zilizoitwa za Kasai zikafukuzwa na kupakiwa ndani ya treni. Wazee wetu hawapendi kuzungumza jambo hili. Kijana wa mama Msanga na msichana wa baba wa Kasai wanaokaa leo benchi moja na kuchovya mkono katika lengalenga moja, pengine hawajui kwamba ulikuwa wakati ambapo kukaa hivyo kulihitaji moyo.

Jioni, mambo yanabadilika. Moshi wa michopo unapanda, nyama ya mbuzi inakatwakatwa juu ya karatasi na kitunguu na pilipili, na kweli harufu hiyo inaweza kumrudisha mtu aliyekwisha kufunga mlango wake. Michopo ni nzuri. Lakini uangalie mwenye kuchoma ameweka meko yake wapi. Katika kipindi cha ukavu, tangu Mei mpaka Septemba, makamioni ya madini yanapita na kuacha vumbi ambayo inakaa ku nywele, ku mashati, na ku nyama pia. Vumbi hiyo si udongo tu. Pale Kasulo, ambako mwaka 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao na kuanza kuchimba mashimo ndani ya viwanja, wanasayansi wa Université de Lubumbashi na wa Leuven ya Ubelgiji walipima wakaaji. Matokeo yalitangazwa 2018: kobalti nyingi katika mkojo na damu ya watu, na watoto kupita wakubwa, na vumbi ya ndani ya nyumba ilikuwa nayo pia. Basi ukitaka michopo, ingia barabara ya ndani, mbali na njia ya makamioni. Na Juni na Julai mchukulie mwenzako habari mbele kwamba mtakaa nje. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na baridi ya jioni pale haina huruma na gauni la sherehe.

Nganda yenye muziki mkubwa, mimi naiacha. Siyo tu kwa sababu ya pombe, ambayo kila familia ya kanisa imekwisha kuisikia mara mingi. Ni kwa sababu hamtasikilizana. Utapiga kelele "Unasema nini?" mara ishirini, utarudi na koo la kukauka, na hujui hata ana ndugu wangapi. Na umeme ukikatika, jenereta inakuja kuongeza sauti yake.

Dada, sasa ninasema nawe. Kuna nyumba za chakula ambazo mbele ni restora na nyuma ni vyumba. Si zote ni mbaya, wasafiri wanalala humo. Lakini mtu aliyekualika mara ya kwanza, akachagua nyumba hiyo kati ya nyumba zote za Dilala na Manika, na saa yenyewe ni ya usiku, una haki ya kumwambia, "Tubadilishe fasi." Usieleze sababu. Mwenye nia safi atabadilisha bila kununa. Akinuna, umepata habari uliyohitaji, na haijakugharimu hata sukre moja. Tena, usiseme "popote tu" wakati anakuuliza unapenda wapi. Wengine wanaona ni adabu. Kumbe unamuachia mwenzako mzigo, naye anakwenda kukopa ili akupeleke fasi ambayo wewe mwenyewe ungeogopa kuvuta kiti.

Chukua nauli yako ya kurudi, ndani ya kiatu ao ndani ya kitambaa, fasi yoyote. Kama unakaa Luilu ao Kapata ao Musonoie, uhesabu kwamba jioni gari zinapunguka na bei ya pikipiki inapanda. Mwenye nauli yake anakula akiwa ametulia.

Juu ya msindikizaji. Desturi yetu iko hivi: ukialika mmoja, hesabu watatu. Atakuja na rafiki, ao na mdogo wake wa miaka tisa aliyetumwa na mama kwa kazi ambayo wote tunaijua. Usikasirike. Mtoto huyo ndiye gazeti la nyumba. Jioni atasomwa neno kwa neno. Mpe soda yake na kipande kizuri cha samaki. Na hapo unaona tena faida ya malewa: watu watatu ku malewa ni jambo linalowezekana, watu watatu mbele ya karti ya dola ni msiba.

Wengi wananiuliza kuhusu ziwa la Nzilo. Ni kweli, hakuna fasi nzuri kupita pale. Maji ya Lualaba yalizuiwa na bwawa katika miaka ya 1950 ili kupata umeme wa migodi, na ziwa likatanda kati ya vilima upande wa kaskazini ya mji. Ukikaa kando yake unasahau kelele ya makamioni, na wavuvi wanapita na mitumbwi yao. Lakini ni safari. Gari utatoa wapi? Ikiharibika njiani, ni nani atamueleza papa yake? Mara ya kwanza hapana. Mwende mwaka ujao, na vijana wengine wa parokia ao na ndugu zake, sufuria juu ya gari.

Malipo: aliyealika analipa, hiyo ni desturi na siigombezi. Lakini dada akisema, "Acha nilipe sukre," mwache alipe. Ni kijana gani huyu anayeona aibu kwa chupa mbili? Na asihesabu feza polepole juu ya meza, noti juu ya noti, ili watu waone. Mlipe mama pembeni, umshukuru kwa jina lake kama unalijua. Dada atakuwa anaangalia namna unavyozungumza na mama yule mwenye jasho, na pengine mama yake mwenyewe alikuwa na sufuria kama ile mwaka 2003.

Mkono ao uma? Malewa itawapa mkono, na ni vizuri. Mwenye haya atakula kidogo, atasema "Nimeshiba" wakati bukari yake bado ina umbo la bakuli. Usimlazimishe, ila usimalize yako kama mtu wa zamu ya usiku. Na mama atakapokuja kuuliza, "Bukari moja ao mbili?", nyamaza kidogo, umuache dada ajibu.